Teófilo Yldefonso: Mwogeleaji na Askari

Visiwa vya Ufilipino ni zaidi ya 7,000, na mtu aliye mbali angedhani kwamba nchi iliyozungukwa na maji kiasi hicho haina budi kujaa waogeleaji mashuhuri. Mambo hayaendi hivyo. Mvuvi huogelea kwa kadiri ya haja yake, na akisha kufika chomboni haulizi amefika kwa dakika ngapi. Tangu mwaka wa 1924, Ufilipino ilipopeleka mchezaji wake wa kwanza katika Michezo ya Olimpiki, hata leo, ni mwogeleaji mmoja tu wa timu yake aliyerudi na nishani. Alirudi nazo mbili, zote za shaba: ya kwanza kutoka Amsterdam mwaka wa 1928, na ya pili kutoka Los Angeles mwaka wa 1932. Jina lake ni Teófilo Yldefonso.

Habari zake zimeandikwa mara nyingi, lakini kwa ufupi, na karibu kila mara zimekatwa vipande viwili: kipande cha mwogeleaji aliyesifiwa, na kipande cha askari aliyekufa katika vita vya Wajapani. Nionavyo mimi, ukivitenga vipande hivyo humwelewi mtu mwenyewe. Aliogelea akiwa askari, alisafiri kwenda ng'ambo kushindana akiwa askari, na jeshi lile lile lililomlisha katika miaka yake ya ushindi ndilo lililompeleka mahali alipofia. Makala haya yanajaribu kuviunga vipande hivyo viwili.

Alizaliwa mwanzoni mwa karne ya 20 huko Piddig, mji mdogo wa wilaya ya Ilocos Norte, kaskazini mwa kisiwa cha Luzon. Ilocos ni ukanda mwembamba uliobanwa kati ya milima na bahari. Ardhi yake haitoshi, na watu wake wana sifa ya kuweka akiba na ya kuhama kwenda kutafuta kazi mbali. Mji wenyewe unakumbukwa katika tarehe za Ufilipino kwa jambo moja la zamani: mwaka wa 1807 watu wa Piddig walishika silaha kwa sababu serikali ya Kihispania ilijitwalia peke yake biashara ya basi, yaani pombe ya miwa waliyozoea kuipika majumbani mwao. Uasi ule ulizimwa, lakini haukusahauliwa. Katika mji huo hapakuwa na bwawa la kuogelea wala mwalimu wa kuogelea. Palikuwa na mto, uitwao Guisit, na humo ndimo Yldefonso alimojifunza mwenyewe, kama wajifunzavyo watoto wote wa kando ya mito, kwa kutazama wakubwa na kwa kunywa maji mara kadha wa kadha.

Wakati huo Ufilipino ilikuwa imekwisha badili bwana. Hispania iliitoa kwa Marekani mwaka wa 1898, na Wafilipino waliokuwa wamejitangazia uhuru walipigana na mabwana wapya vita vikali. Katikati ya vita hivyo, mwaka wa 1901, Wamarekani waliunda kikosi cha askari wa kienyeji walioitwa Maskauti wa Ufilipino. Msomaji wa Afrika ya Mashariki hatapata taabu kukielewa kikosi hicho, maana kilifanana sana na KAR yetu iliyoundwa mwaka wa 1902: askari wenyeji, maofisa wageni kwa sehemu kubwa, nidhamu kali, na mshahara ambao, ijapokuwa mdogo kuliko wa askari mzungu, ulimpita mbali mkulima wa kijijini. Kwa kijana wa Ilocos asiye na shamba la kutosha, kuingia Maskauti ilikuwa njia mojawapo ya kupata maisha ya heshima. Yldefonso aliingia, akawa wa Rejimenti ya 57 ya askari wa miguu.

Pamoja na shule na jeshi, Wamarekani walileta michezo. Si kwa mapenzi matupu. Walitumaini kwamba vijana watakaoshughulika na mpira na mbio hawatapata nafasi ya kufikiri siasa. Mwaka wa 1913 yalifanyika Manila mashindano ya kwanza ya Michezo ya Mashariki ya Mbali, ambamo Ufilipino, China na Japani zilikutana. Michezo hiyo ilirudiwa mara kwa mara katika miji ya nchi hizo tatu, na humo ndimo Wafilipino walimopata desturi iliyokuwa na maana kubwa kuliko ushindi wenyewe: kusimama mbele ya mataifa mengine kwa jina la nchi yao. Tukumbuke kwamba hata mwaka wa 1919 sheria iliwakataza kuipandisha bendera yao wenyewe. Yldefonso alishindana katika michezo hiyo tangu miaka ya 1920, akashinda mara nyingi, na jina lake likajulikana Asia kabla halijafika Ulaya.

Hapa yafaa nisimame kidogo nieleze namna yake ya kuogelea, maana bila hilo yafuatayo hayataeleweka. Kiswahili kina maneno mazuri ya mambo ya majini; twatofautisha kuoga na kuogelea, na kuogelea na kuelea, na hayo yote na kupiga mbizi. Lakini katika mashindano huhesabiwa pia namna mwili ulalavyo na viungo vifanyavyo kazi. Katika miaka ile namna zilikuwa tatu. Ya kwanza ni mtindo huru, ambao kila mtu huogelea apendavyo, na kwa kweli wote hutupa mikono mbele mmoja baada ya mmoja. Ya pili ni kuogelea chali. Ya tatu ni kuogelea kwa kifua: mikono miwili huenda mbele pamoja, hufungua maji kama mtu afunguaye pazia, na miguu hupiga pamoja kama ya chura. Hii ya tatu ndiyo ya zamani kuliko zote na ndiyo ya polepole kuliko zote, nayo ndiyo iliyokuwa ya Yldefonso.

Lakini kuna jambo ambalo wengi hawalitambui. Katika Michezo ya Olimpiki ya zama zile wanaume walikuwa na mashindano sita tu ya kuogelea. Matatu yalikuwa ya mtindo huru, ya nne ni ya kupokezana, pia ya mtindo huru, moja la kuogelea chali kwa meta 100, na moja la kifua kwa meta 200. Basi aliyekuwa bingwa wa mtindo huru aliweza kukosa hapa akapata pale. Mwogeleaji wa chali au wa kifua alikuwa na nafasi moja tu katika miaka minne, akikosa hiyo, arudi nyumbani akangoje. Yldefonso alipata nafasi tatu katika maisha yake yote, na mbili kati ya hizo alizitumia vema.

Ya kwanza ilikuwa Amsterdam, mwezi wa Agosti 1928. Mshindi alikuwa Yoshiyuki Tsuruta wa Japani, kwa dakika 2 na sekunde 48.8. Wa pili alikuwa Mjerumani Erich Rademacher, mtu aliyekuwa na sifa kubwa Ulaya nzima, kwa dakika 2 na sekunde 50.6. Yldefonso alifika wa tatu, kwa dakika 2 na sekunde 56.4. Tofauti yake na mshindi ilikuwa sekunde 7.6, na mtu atazamaye kwa haraka angesema kwamba alikuwa mbali. Ni kweli alikuwa mbali. Lakini nishani ile ya shaba ilikuwa nishani ya kwanza ya Olimpiki kupatwa na Mfilipino, na ya kwanza kwa nchi yo yote ya Asia ya Kusini-Mashariki. Mto wa Guisit haukuwa na saa wala mistari ya kupimia; aliyetoka humo akawa wa tatu duniani hana la kuona haya.

Miaka minne baadaye, Los Angeles, hali ilikuwa nyingine kabisa. Wajapani walikuwa wamejiandaa kwa bidii ambayo dunia haikuitazamia, wakatwaa dhahabu tano katika mashindano sita ya wanaume. Katika kuogelea chali walichukua nafasi zote tatu za mbele, dhahabu, fedha na shaba, wala hapakuwa na mgeni aliyeweza kupenya kati yao. Katika kifua walitaka kufanya vivyo hivyo. Tsuruta alishinda tena, kwa dakika 2 na sekunde 45.4, na nyuma yake alikuja kijana Reizo Koike kwa dakika 2 na sekunde 46.6. Aliyewazuia wasitimize watatu alikuwa Yldefonso, kwa dakika 2 na sekunde 47.1.

Tazama hesabu hizo vizuri. Katika miaka minne alikuwa amejipunguzia sekunde 9.3. Saa yake ya Los Angeles ingalimpa dhahabu ya Amsterdam, tena kwa sekunde 1.7 mbele ya Tsuruta. Nayo tofauti kati yake na Tsuruta katika Los Angeles ilikuwa sekunde 1.7 hizo hizo. Kati yake na fedha ilikuwa nusu sekunde tu. Nadhani mashindano haya ndiyo kilele cha maisha yake ya majini, wala si yale ya Amsterdam yanayotajwa zaidi kwa kuwa yalitangulia. Hakuwa tena mgeni aliyebahatika. Alikuwa mmoja wa watu watatu ambao ye yote kati yao aliweza kushinda siku ile.

Hakuwa peke yake pia. Wa tano katika fainali ile alikuwa Mfilipino mwingine, Jikirum Adjaluddin, na katika timu za kuogelea za nchi hiyo mwalikuwa na Abdurahman Ali, mwogeleaji wa mtindo huru. Msomaji wa mwambao wetu akikutana na majina hayo katika orodha ya Olimpiki ya miaka ya 1930 atashangaa kidogo, kisha atakumbuka kwamba visiwa vya kusini mwa Ufilipino vina Waislamu wa tangu karne nyingi, wenye masultani wao, na wanaoishi kwa bahari. Mwogeleaji wa mto wa kaskazini, Mkristo, na waogeleaji wa bahari ya kusini, Waislamu, walivaa nguo za timu moja wakati nchi yao yenyewe ilikuwa haijawa dola. Katika Los Angeles Wafilipino walipata shaba tatu kwa jumla: ya Yldefonso, ya Simeon Toribio katika kuruka juu, na ya José Villanueva katika ngumi, ambaye mwanawe Anthony alipata fedha katika mchezo huo huo Tokyo mwaka wa 1964.

Yldefonso ameitwa baba wa kuogelea kwa kifua kwa siku hizi. Majina ya namna hii hutolewa kwa urahisi, nami siyapokei yote. Kuogelea kwa kifua kuna baba wengi, na Tsuruta na Rademacher wamo. Hata hivyo liko jambo la kweli ndani ya sifa hiyo. Sheria za wakati ule hazikumkataza mwogeleaji wa kifua kwenda chini ya maji, na wengi walifanya hivyo, maana mwili uliozama wote hupita kwa wepesi kuliko ulio nusu nje. Yldefonso alijulikana kwa kukaa juu ya maji. Njia ya wapiga mbizi ilionekana kushinda kwa muda. Mwaka wa 1956, huko Melbourne, Mjapani Masaru Furukawa alipata dhahabu ya meta 200 akiwa chini ya maji sehemu kubwa ya safari yake. Baada ya hapo wakuu wa mchezo walikataza kuogelea chini ya maji, ila kidogo tu baada ya kuanza na baada ya kugeuka. Kwa hiyo kuogelea kwa kifua kulirudi pale alipokuwa Yldefonso tangu zamani. Hakushinda hoja hiyo kwa maneno, wala hakuishi kuona imeamuliwa.

Mwezi wa Mei 1934 Michezo ya Mashariki ya Mbali ilifanyika Manila, nayo ilikuwa ya mwisho. Japani ilikuwa imeitwaa Manchuria na kuweka huko dola ya bandia iitwayo Manchukuo, ikataka dola hiyo ipokelewe katika michezo. China ilikataa kwa nguvu, na chama kilichosimamia michezo kikavunjika. Walioshindana pamoja kwa miaka 21 waliachana kwa ugomvi ambao haukuwa wa michezo hata kidogo. Kwa Wafilipino hiyo ilikuwa ishara ya mapema, lakini macho yao yalikuwa mahali pengine: mwaka huo huo Marekani ilipitisha sheria ya kuwapa uhuru baada ya miaka kumi ya serikali ya madaraka, nayo serikali hiyo ilianza mwezi wa Novemba 1935.

Berlin, mwaka wa 1936, Yldefonso alikuwa amepita miaka 30. Aliingia fainali ya watu saba, jambo ambalo kwa umri wake lilistahili sifa, akawa wa saba kwa dakika 2 na sekunde 51.1. Dhahabu ilikwenda kwa Tetsuo Hamuro wa Japani. Koike, yule kijana wa Los Angeles, alipata shaba kwa dakika 2 na sekunde 44.2. Wa nne alikuwa Mmarekani John Higgins, ambaye alirusha mikono yote miwili juu ya maji kama mbawa, namna mpya ambayo sheria ilikuwa haijaikataza. Namna hiyo ilitengwa mwishoni mwa mwaka wa 1952 ikawa mtindo wa peke yake, uitwao wa kipepeo. Askari wa Piddig aliogelea kama alivyoogelea siku zote. Hiyo ilikuwa Olimpiki yake ya tatu na ya mwisho.

Tarehe 8 Desemba 1941 ndege za Japani zilishambulia Ufilipino, na kabla mwezi haujaisha majeshi ya Marekani na ya Ufilipino yalianza kurudi nyuma kujifungia katika rasi ya Bataan, ng'ambo ya ghuba ya Manila. Rejimenti ya 57 iliwekwa upande wa mashariki wa mstari wa kwanza, karibu na Abucay, na mwezi wa Januari 1942 ilipigana usiku na mchana katika mashamba ya miwa. Ushujaa wa Maskauti katika vita hivyo haukanushwi hata na waliokuwa adui zao. Lakini Bataan haikuwa na chakula cha kutosha. Askari waliokula nusu ya posho, kisha robo, walidhoofishwa na malaria na kuhara damu kuliko walivyodhoofishwa na mabomu, na tarehe 9 Aprili 1942 jemadari wao alisalimu amri.

Watu zaidi ya 75,000 walitekwa, na sehemu kubwa yao walikuwa Wafilipino. Wajapani waliwatembeza kwa miguu kutoka Mariveles mpaka San Fernando, mwendo wa kilometa karibu 100, katika jua la Aprili, bila chakula cha maana. Aliyeanguka alichomwa singe. Aliyetoka katika mstari kwenda kuchota maji ya mfereji alipigwa risasi. Kutoka San Fernando walisukumwa katika mabehewa ya mizigo mpaka Capas, na kutoka Capas walitembea tena mpaka kambi ya O'Donnell. Yldefonso alikuwa miongoni mwao, akafika.

Kambi ile ilikuwa na mabomba machache mno kwa makumi ya maelfu ya watu, na wafungwa walipanga mstari saa nyingi ili kujaza chupa moja. Waliokufa humo mwaka ule ni Wafilipino zaidi ya 20,000 na Wamarekani kadiri ya 1,500, wengi wao kwa maradhi ambayo maji safi na dawa za bei ndogo zingaliyazuia. Walizikwa na wenzao wasio na nguvu ya kuchimba, wengi katika shimo moja. Katika mwezi wa Juni 1942 Teófilo Yldefonso alikuwa mmoja wa waliozikwa. Miguel White, aliyepata shaba ya mbio za kuruka viunzi huko Berlin, naye aliuawa katika vita hivyo hivyo.

Sipendi kuyageuza mambo haya kuwa masimulizi ya visa vilivyopangwa na majaliwa. Tsuruta hakumwua Yldefonso, wala Koike. Walikuwa waogeleaji, na mashindano yao yalikuwa ya haki. Lakini ni kweli pia kwamba tangu Osaka mpaka Berlin watu wa nchi mbili hizi walikuwa wamejuana majinitu, saa kwa saa, na elimu hiyo haikuwafaa kitu mmoja wao alipokuwa ndani ya seng'enge na taifa la mwingine likishika bunduki nje. Jemadari Masaharu Homma, aliyeongoza uvamizi, alihukumiwa Manila akauawa kwa risasi tarehe 3 Aprili 1946. Miezi mitatu baadaye, tarehe 4 Julai, Ufilipino ikapata uhuru. Tsuruta aliishi mpaka mwaka wa 1986, mzee mwenye kuheshimiwa, akiwa na dhahabu zake mbili.

Kwa Yldefonso heshima ilichelewa. Mwaka wa 2010 jina lake liliingizwa katika jumba la kimataifa la waogeleaji mashuhuri lililokuwa Fort Lauderdale, Marekani, miaka 68 baada ya kufa kwake. Kwa muda mrefu alikuwa Mfilipino wa pekee mwenye nishani mbili za Olimpiki. Hakuna aliyemfikia hata mwaka wa 2021, ambapo mbeba vyuma Hidilyn Diaz, aliyekuwa na fedha ya mwaka wa 2016, aliipatia nchi yake dhahabu ya kwanza. Katika kuogelea wamekuja wengine hodari, na mmoja wao, Akiko Thomson, mwogeleaji wa chali, naye alikwenda Olimpiki mara tatu, miaka ya 1988, 1992 na 1996. Wote walirudi bila nishani.

Mahali palipokuwa na kambi ya O'Donnell leo pana makumbusho ya taifa. Pamesimamishwa mnara mrefu, na pamepandwa miti kwa maelfu, kwa ajili ya waliokufa pale. Yldefonso yumo humo, pamoja na wenzake wa Rejimenti ya 57.